Siku tano Alabama na Bi mkubwa, tunazunguka mashule

Kwanza niseme ukweli, hii safari haikuwa wazo langu. Mi nilishapanga likizo nimpeleke mama Florida akaone bahari, maana alikuja kwangu Atlanta Septemba 2022 na kila siku wimbo ni mmoja, nyumba zenu nzuri ila hamna upepo. Mtu wa Tanga huyo. Mwalimu mstaafu, miaka 36 ya chaki, Muheza na vijiji vyake. Nilipomtajia bahari akanijibu bahari anayo kwao na wala hailipiwi hoteli, yeye anataka kuiona shule ya Booker Washington, yule mwalimu mweusi wa Marekani aliyezaliwa mtumwa. Eti walisomeshwa habari zake chuoni Korogwe na toka enzi hizo ana swali lake ambalo hajampata wa kumjibu. Swali gani? Akasema tutalikuta huko huko.

Basi nikafungua ramani. Tuskegee, ilipo hiyo shule, kumbe ni masaa mawili tu kutoka kwangu, afu nilivyozidi kuangalia nikaona jimbo zima la Alabama limejaa shule na vyuo vya zamani vyenye habari nzito, nikachora mduara: Talladega, Tuscaloosa, Marion, Montgomery, Tuskegee ya mwisho, halafu nyumbani. Mama akakanda chapati za siku mbili akajaza hotipoti, akaweka na daftari. Nikajua hapa tunaenda kukagua.

Siku ya kwanza: Talladega

Tumetoka saa moja asubuhi, barabara ya I-20 kuelekea magharibi. Ukivuka mpaka wa Georgia na Alabama saa inarudi nyuma lisaa limoja, nikamwambia mama tumeongezewa saa la bure, akasema hakuna cha bure, wataidai siku ya kurudi.

Talladega ni mji mdogo, wengi wanaujua kwa mashindano ya magari. Pale kuna shule ya viziwi na wasioona ya tangu 1858 lakini sie tulienda moja kwa moja Talladega College. Jengo lenyewe linaitwa Swayne Hall, matofali mekundu na nguzo nyeupe mbele, limejengwa 1852 na 1853. Wakati huo lilikuwa shule ya wavulana wa kizungu, na waliolijenga walikuwa watumwa. Wawili kati yao ni William Savery na Thomas Tarrant. Sasa vita ya wenyewe kwa wenyewe, Kaskazini na Kusini, ikaisha, utumwa ukafutwa, na Novemba 1865 hao hao wawili wakaenda Mobile kwenye mkutano wa watu walioachiwa huru, wakarudi na azimio kwamba bila kusomesha watoto uhuru wao hautadumu. Wakaanzisha shule ya chumba kimoja kwa mbao walizookota kwenye karakana ya seremala iliyoachwa. Watoto wakajaa mpaka pakawa hapatoshi, na lile jengo kubwa la wazungu likawa linauzwa. Likanunuliwa 1867 kwa msaada wa wamisionari na ofisi ya serikali iliyokuwa inawahudumia walioachiwa huru, na watoto wa waliolijenga wakaingia humo kusoma. 1869 chuo kikaandikishwa rasmi.

Mama alisimama pale kwenye ngazi mda mrefu kidogo. Akagusa tofali. Akaniuliza, "Yani aliyebeba hili tofali alijua mwanawe haruhusiwi kuingia humu?" Nikamwambia alijua. Hakuandika kitu kwenye daftari.

Ndani ya maktaba ndo nimecheka. Maktaba inaitwa Savery, jina la yule yule seremala, ilifunguliwa 1939, na pale sakafuni ukumbini kuna picha ya meli, imetengenezwa kwenye sakafu yenyewe. Ni Amistad, ile meli ambayo Waafrika waliotekwa waliiasi mwaka 1839. Mila ya pale ni kwamba hiyo meli haikanyagwi. Mimi mguu mmoja ulishakuwa hewani, dada mmoja mwanafunzi akanishika mkono. Mama akavua viatu kabisa, nikamwambia mama si msikiti huu, akasema kaa kimya.

Michoro ya msanii Hale Woodruff tuliikuta kwenye jumba la sanaa la chuo lililofunguliwa 2020. Wakati huo yalikuwepo mapanelo sita makubwa, matatu ya Amistad, mengine ya habari nyingine, na mmoja ni siku ya kuandikisha wanafunzi hapo chuoni. Kuna watu wamekuja na mazao na mifugo kulipa ada. Kama unafikiri mtoto kusomeshwa kwa kuku ni mambo ya kwenu tu nenda kaangalie rangi zile, buluu na njano zinagonga macho.

Usiku tukalala Birmingham. Hoteli siitaji, heater inaguna kama pikipiki. Mama akawatumia sauti wenzake wa grupu la WhatsApp la walimu wastaafu, dakika sita nzima. Jibu la kwanza: "Vyoo je?"

Siku ya pili: Tuscaloosa

Leo chuo kikuu cha jimbo, University of Alabama, kilifungua milango 1831. Hiki kikubwa bwana, uwanja wa mpira tu unaweza kumeza mji wetu. Mama alichoka mapema, tukawa tunakaa kila benchi tunaloliona.

Habari yake ni kwamba tarehe 4 Aprili 1865, siku chache tu kabla vita haijaisha, wanajeshi wa Kaskazini waliingia wakakichoma chuo kwa sababu kilikuwa kinafundisha makadeti wa upande wa Kusini. Yalibaki majengo machache sana, nyumba ya mkuu wa chuo, Gorgas House ambayo ilianza 1829 kama ukumbi wa chakula, kijumba cha walinzi cha mviringo, na jengo la kuangalizia nyota. Pale uwanjani katikati kuna kilima cha majani, wanafunzi wamelala juu yake na simu zao, chini yake ni kifusi cha bweni lililoungua. Maktaba nayo iliteketea, na inasimuliwa kwamba mkutubi aliomba wasiichome akakataliwa, na kitabu kimoja tu ndo kikatolewa ndani kabla ya moto. Kitabu gani? Kurani, tafsiri ya Kiingereza. Mama alinifanya nimrudie hiyo habari mara tatu. Ya tatu alikuwa anarekodi.

Majengo haya pia yalijengwa na watumwa, na wengine walikuwa mali ya chuo chenyewe, na 2004 baraza la wahadhiri lilipitisha tamko la kuomba radhi.

Halafu tukaenda Foster Auditorium. Hapa ndo gavana George Wallace alisimama mlangoni tarehe 11 Juni 1963 kuwazuia wanafunzi weusi Vivian Malone na James Hood wasijiandikishe, mpaka Rais Kennedy akaweka jeshi la akiba la jimbo chini yake na gavana akapisha. Vivian Malone akamaliza 1965, mhitimu mweusi wa kwanza wa chuo hicho. Hii wengi tunaijua, picha zake zipo kila mahali.

Lakini mama alimng'ang'ania mwingine. Autherine Lucy. Huyu aliomba nafasi 1952, wakamkubali bila kujua rangi yake, walipojua wakamfungia, akaenda mahakamani miaka mitatu, akaingia darasani Februari 1956. Siku ya tatu ya masomo genge la watu likamzingira kwa mawe na mayai, ikabidi atolewe kwenye gari la polisi amelala chini. Chuo kikamsimamisha eti kwa usalama wake, kisha kikamfukuza. Akaenda zake akawa mwalimu. Kufukuzwa huko kulifutwa 1988, akarudi kusoma, na 1992 akachukua shahada ya uzamili ya ualimu wa shule ya msingi, jukwaa moja na bintiye ambaye naye alikuwa anahitimu. Jengo la kitivo cha ualimu lilipewa jina lake Februari 2022, akahudhuria mwenyewe, siku chache baadae akafariki akiwa na miaka 92.

"Ualimu wa msingi," mama akasema. "Angeweza kuomba lolote." Akataka kupigwa picha pale chini ya jina. Nikapiga kumi na moja, hakuna aliyoipenda, kichwa kinakatwa, mara kidole changu kimeingia. Mwishowe kijana mmoja wa usafi akatusaidia, moja tu, safi.

Siku ya tatu: pancha, Marion, Selma

Hii siku ilianza vibaya. Kabla ya Greensboro, barabara ya 69, tairi la nyuma kulia likapiga puu. Jeki ninayo, spea ninayo, spana ya nati sina. Niliikopesha mtu. Nusu saa tumekaa pembeni mwa shamba la samaki, huku kuna mabwawa ya kambare kila upande, akaja mzee mmoja na pikapu akatusaidia bila maneno mengi. Mama akampa chapati mbili. Mzee akala moja pale pale, ya pili akaikunja kwenye leso, akauliza tunaenda wapi, tukamwambia Marion kuangalia shule, akasema bibi yake alisoma Lincoln. Hakusema "shule ya Lincoln", alisema Lincoln tu, kama mtu anavyotaja kijiji chake.

Marion ni mji mdogo sana ila historia ya shule zake ingetosha mkoa mzima. Kuna chuo cha kijeshi bado kinafanya kazi. Kulikuwa na Judson, chuo cha wasichana cha Kibaptisti cha 1838, kilifungwa 2021, mwaka mmoja tu kabla hatujafika, miaka 183 imeisha. Tulikuta geti na majani marefu. Mama anasema shule iliyofungwa ina ukimya wake, sio kama nyumba iliyohamwa.

Ila tulichokifuata ni Lincoln. Julai 1867, wanaume tisa waliokuwa watumwa miaka miwili tu nyuma waliandikisha shule kisheria. Majina yao yapo: Joey Pinch, Thomas Speed, Nicholas Dale, James Childs, Thomas Lee, John Freeman, Nathan Levert, David Harris, Alexander Curtis. Wakachanga dola 500 wakanunua kiwanja. Fikiria dola 500 kwa watu ambao juzi walikuwa wenyewe wanauzwa kwa dola. Shule ikakua, jimbo likaanza kuisaidia, ikawa inatoa walimu. Kisha ukatokea ugomvi na wazungu wa mji, na 1887 chuo kikahamishiwa Montgomery. Wenyeji hawakukubali shule ife, wakaendelea na yao hapo hapo Marion kwa jina la Lincoln, na ndipo aliposoma Coretta Scott, mke wa Martin Luther King, akamaliza 1945 akiwa wa kwanza darasani.

Leo ukienda majengo mengi hayapo. Kuna kibao. Mama akasoma yale majina tisa kwa sauti, kama anaita mahudhurio, na baada ya kila jina akanyamaza kidogo. Mi nikawa naangalia barabarani nisije nikaitikia.

Selma tulipita tu, tukashuka tukavuka daraja la Edmund Pettus, lile la maandamano ya watu weusi kudai haki ya kura, kwa miguu upande mmoja. Jua lilikuwa kali na mama magoti.

Siku ya nne: Montgomery

Alabama State University ndio ile ile Lincoln iliyohamishwa, ndo mana nilitaka zifuatane. Nilidhani mama atataka kuona majengo, kumbe alivutwa na kitu kingine kabisa.

Rosa Parks alikamatwa tarehe 1 Desemba 1955 jioni kwa kukataa kumpisha mzungu kiti kwenye basi. Kila mtu anajua. Lakini usiku ule ule mwalimu wa Kiingereza wa chuo hiki, Jo Ann Robinson, alienda chuoni usiku wa manane pamoja na mwalimu mwenzake aliyekuwa na funguo na wanafunzi wawili, wakachapa vipeperushi makumi ya maelfu vya kuwaambia watu Jumatatu wasipande basi. Asubuhi akafundisha kipindi chake kama kawaida, afu akazunguka kuvigawa. Mgomo ule ulikwenda siku 381.

Mama akauliza, "Walichapa na nini?" Nikamwambia mashine ya saiklostaili.

Hapo alikaa chini. Nyie mliozaliwa na printa hamtaelewa. Akaanza kunieleza stensili inavyokatwa kwa taipureta ambayo umetoa utepe, ukikosea herufi unapaka dawa nyekundu inanuka kama rangi ya kucha, unaivalisha kwenye roli, wino unakuwa mweusi mpaka kwenye viwiko, karatasi ya kwanza kumi unatupa, na lazima mtu mmoja azungushe na mwingine apokee kwa sababu zinashikana. Mtihani wa darasa la nne wa kata nzima, watoto mia nne, walikuwa wanamaliza saa tisa usiku wakiwa wawili na kandili. "Makumi ya maelfu?" anasema. "Kwa usiku mmoja? Na asubuhi kipindi?" Walikuwa wanapanga vipeperushi vitatu kwenye karatasi moja kisha wanakata, nikamwambia. Akatikisa kichwa, "Ndio, ndivyo tulivyokuwa tunafanya, karatasi ni ghali."

Kuna na habari ya wanafunzi weusi waliokaa kwenye mgahawa wa wazungu tu wa mahakama ya kaunti Februari 1960 wakadai wahudumiwe, tisa wakafukuzwa chuo kwa shinikizo la gavana. Kesi yao ilifika rufaa 1961, ndo iliyoweka kwamba chuo cha umma hakiwezi kumfukuza mwanafunzi bila kumsikiliza. Rekodi zao zilisafishwa 2018, miaka 58 baadae. Mama: "Hiyo kesi ingefika kwetu mapema."

Jioni tukala bamia za kukaanga na samaki kambare. Uji wao wa mahindi unaitwa grits, mama akasema ni ugali uliokosa msimamo.

Siku ya tano: Tuskegee

Hatimae. Dakika arobaini na kitu kutoka Montgomery.

Nianze na ambayo mama hakuijua. Shule haikuanzishwa na Booker Washington. Kulikuwa na mtu anaitwa Lewis Adams, alizaliwa mtumwa, fundi wa bati na viatu na matandiko ya farasi. 1880 mzungu mmoja mgombea wa seneti ya jimbo, W. F. Foster, alimfuata akamuuliza anataka nini ili watu weusi wampigie kura. Adams hakuomba hela, aliomba shule ya walimu. Jamaa akashinda, jimbo likatenga dola 2,000 kwa mwaka za mishahara, za ardhi na majengo hakuna hata senti. Ndipo wakamwita Booker, kijana wa miaka 25, akafungua tarehe 4 Julai 1881 na wanafunzi 30 kwenye banda linalovuja, mvua ikinyesha mwanafunzi mmoja anaacha somo anamshikia mwalimu mwavuli. Baadae wakanunua shamba la dola 500, hela ya kuanzia ya mkopo, wakafundishia kwenye zizi la farasi na banda la kuku. Akaja bibi mmoja wa miaka kama 70, nguo zimechakaa, anatembelea fimbo, akatoa mayai sita. Ndo alichokuwa nacho, akasema wayatie kwenye elimu ya vijana.

Sasa matofali. Wanafunzi walifyatua wenyewe. Tanuri la kwanza likaharibika, la pili likaharibika, la tatu likabomoka usiku likiwa limebaki masaa machache. Hela hakuna. Booker akachukua saa yake akaenda Montgomery akaiweka rehani kwa dola 15, tanuri la nne likaiva. Saa haikurudi. Nyumba yake ya 1899, The Oaks, ni ya matofali ya wanafunzi, na mchora ramani Robert Taylor alikuwa mweusi wa kwanza kuhitimu chuo cha teknolojia cha MIT. Kanisa la mwanzo aliloichorea shule liliungua 1957, hili la sasa la 1969 lina kuta zilizopinda kama tanga la jahazi. Kaburi la Booker lipo pembeni yake na la George Washington Carver, yule mtaalamu wa kilimo wa karanga, lipo jirani. Carver ndo alibuni lile gari la farasi la 1906 lililozunguka vijijini kuwafundisha wakulima shambani kwao, bwana shamba wa kwanza kabisa ukipenda.

Kaunti hii hii ndo serikali ya Marekani iliwaacha wanaume 399 wenye kaswende bila tiba, 1932 mpaka 1972, kuona itawafanya nini. Mama alikuwa hajui. Tulitembea bila kuongea kidogo.

Tulipofika kwenye sanamu, Booker anamfunua shuka mtu aliyekalia fuawe na plau, mkononi ana kitabu, ndo likatoka lile swali. Mama alisema mwaka 1974 shuleni kwake watoto walifyatua matofali ya nyumba ya mwalimu, Elimu ya Kujitegemea, na yeye aliipenda, watoto waliimba. Siku ya ukaguzi mkaguzi akahesabu matofali. Akahesabu na mihogo. Hakumuuliza mtoto hata mmoja asome. "Sasa mimi nauliza, kazi ya mikono haina ubaya, lakini nani anaamua mtoto gani afyatue na mtoto gani asome?"

Nikamwambia hilo swali lina wenyewe hapa, msomi mweusi Du Bois alibishana na Booker miaka, na Talladega walichagua vitabu wakati Tuskegee wanachoma matofali. Tena lilifika mpaka kwetu. 1924 tume ya elimu ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizunguka Kenya, Tanganyika, Unguja, ndani yake yumo mwalimu Aggrey wa Gold Coast, Ghana ya leo, ikapendekeza Mwafrika asomeshwe kwa mtindo wa Tuskegee, mwaka uliofuata Jeanes School ikafunguliwa Kabete. Wakoloni waliipenda sana ile nusu ya tofali.

"Lakini hawa walifyatua ya kwao," mama akasema. "Na walimu walitoka humu. Mkaguzi wangu alikuwa na gari la serikali na mwanawe anasoma bweni." Akaandika hilo kwenye daftari, mara ya kwanza naona anaandika sentensi nzima.

Kwangu mimi Booker aliinama mno mbele ya wazungu, ila sijawahi kuweka saa yangu rehani kwa ajili ya mtoto wa mtu.

I-85 kurudi, tukavuka mpaka, saa ikaruka mbele. Mama: "Si nilikwambia wataidai." Akarekodi ripoti yake ya mwisho kwa walimu wenzake, mayai sita, saa, tanuri la nne, saiklostaili, Bi Lucy, majina tisa ya Marion yote bila kuangalia daftari. Dakika kumi na nne. Tumefika Newnan simu ikalia, mwalimu mkuu wake wa zamani, mzee wa miaka 80 na kitu, ameandika kwa herufi kubwa: "AHSANTE MWALIMU. VYOO MATUNDU MANGAPI?"

Mama akanigeukia. "Baba, hapa pa kugeuzia gari ni wapi?"